Namba Tisa Huingiwa Kinyumenyume

Mimi ni mwongo wa kazini, si wa nyumbani. Nyumbani nikijaribu, wifi yangu hunikamata kabla sijafika katikati ya sentensi. Lakini kazini nimewadanganya watu kwa miaka kumi na moja, wa ndani na wa nje, wenye kamera na wasio nazo, na hajatokea aliyeumia isipokuwa mmoja aliyejigonga kichwa. Huyo ndiye aliyeanzisha balaa lote.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Nchi yetu ni kubwa. Mtu akitaka kuwaona watu wake wote, na nyumba zao, na namna wanavyosalimiana, atazeekea barabarani. Wakubwa wa utalii wakaketi, wakaona dawa ni kuifupisha. Wakazungushia uzio kiwanja kimoja nje kidogo ya mji, wakajenga humo nyumba arobaini na mbili, kila moja kwa mtindo wa watu fulani, wakaweka geti, tiketi na choo cha wageni. Hiyo ndiyo Bustani. Ukiingia asubuhi, adhuhuri umeshalimaliza taifa zima na miguu bado ina nguvu. Kila nyumba ina mwenyeji wake wa kuwaambia wageni, "Sisi hufanya hivi, sisi hatufanyi vile." Mimi ni mwenyeji wa Namba Tisa, nyumba ya watu wa mlimani. Wenzangu huniita Mama Tisa.

Mlimani kwenyewe sijawahi kufika. Nilizaliwa kwenye kota za reli, na kilima kikubwa nilichopanda maishani ni ngazi za ofisi ya posta. Ila Bustani ilipofunguliwa watu wa mlimani hawakupatikana, maana ni safari ya siku tatu, na mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na haraka. Alinitazama kimo, akanitazama mashavu, akasema, "Wewe utafaa." Nikapewa karatasi ya maelezo yenye mistari sita. Mstari wa sita uliandikwa: ni watu wakarimu.

Wiki ile ile ya kwanza akaja mgeni mmoja mrefu, kamera shingoni, akaingia mlango wa Namba Tisa huku akitazama paa. Mlango ule fundi aliuweka chini mno. Paji la uso likalia ko, mgeni akakaa chini, uvimbe ukaanza kupanda tukiuona kwa macho. Mkurugenzi akaja mbio. Mimi nikaona kazi yangu inaota mbawa kabla sijapokea hata sare ya pili.

"Kosa ni langu," nikasema. "Sikumwambia. Kwetu mlimani mgeni haingii akitanguliza uso. Hugeuka, akainama, akaingia kinyumenyume. Nyumba imwone mgongo kwanza, ijue hakuja kwa shari."

Maneno hayo sijui niliyatoa wapi. Yalitoka yenyewe, yamevaa na viatu. Mgeni akasahau uvimbe, akatoa kidaftari akaandika. Akainuka, akageuka, akainama, akaingia bila kugonga popote. Mkurugenzi akanipongeza mbele ya watu.

Basi, maji nilishayavulia nguo. Mwaka ule desturi yangu ikaingia kwenye kijitabu cha wageni. Mwaka uliofuata wakaja watu wa runinga. Kisha ikaingia kitabu cha darasa la nne, na picha juu, mwanamume ametanguliza makalio mlangoni na chini yake pameandikwa "Heshima ya watu wa mlimani". Wifi yangu aliiona picha ile kwenye kitabu cha mtoto wa jirani, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi," akaniambia, "siku wenyewe wakija kukuuliza, usiniite shahidi. Njia ya mwongo ni fupi."

Kumbe njia yangu ilikuwa ndefu kidogo, ikafika hadi mwaka huu tulipoletewa mkurugenzi mpya. Huyu tulimbatiza Bwana Uhalisia siku ya kwanza, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ni kijana msafi, shati limenyooka, anakuamkia vizuri kabla ya kukuharibia siku. Alituita wenyeji wote ukumbini.

"Wazazi wangu, utalii umebadilika," akasema. "Mgeni wa leo hataki maigizo, anataka uhalisia. Na wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kuanzia mwezi ujao, kila nyumba ikaliwe na mwenyewe. Naomba wale ambao kweli ni wa nyumba zao wanyooshe mikono."

Ilinyooka mikono michache. Sisi wengine tukaanza kuchunguza sakafu. Mwenyeji wa Namba Ishirini, nyumba ya wafugaji, ambaye anaogopa ng'ombe hata wa picha, alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kupatiwa mwenyewe. Mkurugenzi aliniita pembeni akanieleza kwa upole. Binti wa mlimani ameshapatikana, anakuja Jumatatu. Nikae naye siku nne nimwonyeshe kazi, na Ijumaa tungekwenda sote wawili ofisini kwake kwa uhakiki.

"Asipokuwa wa kweli?" nikauliza.

"Sina mwingine, mama. Itabidi wewe uendelee."

"Akiwa wa kweli?"

"Wewe tutakuangalia."

Aliyewahi kuajiriwa anajua maana ya "tutakuangalia". Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Lakini sitaki kusema uongo hapa, si mkataba ulioniuma. Ile nyumba niliipenda. Nilijua ni saa ngapi jua linaingia dirisha dogo, ni gogo lipi la kukalia lina mguu mfupi, na wageni gani watalia nikiwaeleza habari za jiko. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kulia kwa habari za jiko.

Jumatatu nikamsubiri nje, roho imeshafura. Nilijiambia kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami kamba yake nitaiona leo leo. Ataingia akitanguliza uso kama watu wote wa duniani, atajigonga, nami nitakuwa nimesimama pale pale nikimpa pole.

Akaja na begi moja. Msichana wa miaka kumi na tisa au ishirini, mwembamba, sauti ya chini. "Shikamoo, mama." Nikaitikia kwa shida. Akafika mlangoni, akaweka begi chini, akageuka, akainama, akaingia kinyumenyume.

Nilibaki nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nani kakwambia uingie hivyo?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani kuna namna nyingine, mama?"

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

Siku hiyo nilieleza habari za jiko vibaya mpaka mgeni mmoja akapiga miayo. Kichwani nilikuwa nahesabu upya. Mimi niliitunga. Nilikuwepo nikiitunga. Au sikuitunga? Labda niliwahi kuisikia mahali, kwenye redio, kwa abiria wa reli nikiwa mdogo, ikakaa ikasubiri mtu ajigonge. Labda fundi alijua. Labda mlango ule haukuwa kosa, ulikuwa chini kwa sababu ndivyo milango ya mlimani ilivyo, na mimi kwa woga wangu nikaropoka kweli tupu. Wazo hilo lilinipa raha kubwa, kisha likanitisha.

Jumanne baada ya kazi nikamfuata fundi kwenye karakana yake. Nilimkuta anapiga randa, maranda yamemfunika viatu. Nikamuuliza ule mlango wa Namba Tisa, alielekezwa na nani auweke chini.

"Nielekezwe na nani?" akasema. "Mbao ziliisha, dada yangu. Zilizokatwa kwa Namba Tisa vijana walizipeleka Namba Kumi. Nikamalizia na vipande vilivyobaki. Kwani wamelalamika?"

"Hapana."

"Maana mke wangu alinisomea gazetini kuwa ni desturi. Nikajiambia, ehe, kumbe nina akili kuliko nilivyodhani."

Nikarudi nyumbani na kumweleza wifi yangu yote. Yeye anachambua mchele na maneno kwa wakati mmoja, na vyote havipati huruma kwake.

"Sasa kinachokuchanganya nini?" akasema. "Mlango ni mbao, desturi ni mdomo wako. Huyo binti kasoma kitabuni, anakuuzia maneno yako mwenyewe. Ijumaa mseme. Sema, hii niliitunga mimi, na huyu anasema kafundishwa na bibi yake, kwa hiyo ni mwongo. Nyumba inabaki yako."

"Nami si nitakuwa mwongo?"

"Wewe unajulikana, wifi. Wa mlimani wa kweli hawezi kudanganya juu ya mlimani. Wewe umeajiriwa kudanganya."

Ukweli wenyewe ni kwamba hoja yake niliipenda. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile, kusema kweli kungenifaidia mimi. Nililala vizuri.

Jumatano nikaanza kumchimba yule binti taratibu, tukiwa tunafagia kabla geti halijafunguliwa. Nikamuuliza kama shuleni walisoma kile kitabu cha darasa la nne.

"Tulisoma," akajibu bila kuficha chochote. "Ndiyo mara ya kwanza nilipoiona. Nilishangaa, mama, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona mtu wa kwetu akiingia hivyo. Bibi hakujua kusoma, kila nikitoka shule namsomea. Siku ile nikamsomea, nikamuuliza, bibi, ni kweli haya? Akanyamaza. Akanyamaza sana. Halafu akasema, ni kweli."

Nikaacha kufagia. "Akasema ni kweli?"

"Akasema tuliiacha zamani, sasa turudie. Kesho yake akanifundisha. Hapa unageuka, hapa unainama, usiguse mwimo wa mlango. Alijua yote."

Alijua yote! Hata mimi sikujua habari ya mwimo. Nikauliza bibi yuko wapi, nikamwite, nikamshike mabega, anieleze.

"Amefariki mwaka huu," akasema. Akaokota jani moja ambalo ufagio uliliacha. "Mwezi wa mwisho hakuwa anaona wala kusema. Watu walikuwa wanaingia chumbani kwake, hajui ni nani. Mimi naingia kinyumenyume, kanga yangu inasugua ukuta, polepole. Akisikia hivyo ananyoosha mkono. Ni mimi tu aliyekuwa ananijua."

Geti likafunguliwa, wageni wakaingia, nikasema maneno yangu ya kila siku na sikumbuki nilisema nini. Kwa nini yule mzee alisema ni kweli? Labda alimhurumia mtoto. Labda aliona haya, kitabu cha serikali kinajua habari za kwao na yeye hajui. Labda kweli walikuwa wakifanya hivyo enzi za bibi wa bibi yake, na mimi kipofu nimeokota sindano. Kila nililoshika liliponyoka, na aliyekuwa na jibu alikuwa ameshazikwa. Jioni nilipofika nyumbani, wifi yangu akaniuliza kama kuna kitu nimesahau nje. Nilikuwa nimeingia nimegeuka mgongo.

Ijumaa tukaenda ofisini. Ni chumba kidogo chenye feni yenye kelele, na ukutani ipo ramani ya nchi yetu iliyochomwa pini za rangi, pini moja kwa kila nyumba. Mezani mafaili arobaini na mawili yamepangwa mistari. Mkurugenzi alisoma barua ya utambulisho wa binti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua karatasi nyingine, na uso wake ukabadilika.

"Binti, hii desturi ya mlangoni umeitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Na yeye?"

"Kwa mama yake, nadhani."

"Nadhani siyo uhakiki." Akaigeuza karatasi tuione. "Nimewaandikia wataalamu. Wametafuta katika maandishi yote ya zamani kuhusu mlimani, haimo. Inaonekana mara ya kwanza kwenye kijitabu chetu wenyewe. Sasa inaelekea wewe umeisoma shuleni, ukamsingizia bibi yako."

 Binti machozi yakamjaa. Hakuwa analilia kazi, hilo nililiona wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeishika kanga pembeni, pale inaposugua ukuta.

"Mama," mkurugenzi akanigeukia, "wewe ndiye wa kwanza kuisema. Mkweli kabisa, wewe uliipata wapi?"

Hapo ndipo ukweli wangu ulipokuwa tayari, umeoga, umechana nywele. Neno moja tu, "niliitunga", na Namba Tisa ingebaki yangu, dirisha lake na gogo lake. Kichwani nilimwona wifi yangu akinitazama kutoka jikoni. Nikavuta pumzi.

"Niliipata kwa bibi mmoja wa mlimani," nikasema. "Alikuja wiki tuliyofungua. Alikataa kuingia akitanguliza uso. Nilipomuuliza, akanieleza."

Kwa nini nilisema hivyo, naapa sijui. Niliposikia sauti yangu nilitaka kuirudisha.

"Jina lake?"

"Hakutaja. Alisema amemwacha mjukuu wa kike nyumbani, mdogo, maswali hayamwishi."

Binti akasimama. "Wiki mliyofungua? Mwaka ule?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mwaka ule bibi alishuka mjini! Alikuja kutazamwa macho hospitali, akakaa wiki tatu! Hakuniambia kama alipita hapa. Mama, ulimwona bibi yangu?"

Sasa ningesema nini? Nilikuwa nimemtunga bikizee, naye ametokea na siku za safari na ugonjwa wa macho. Nikaanza hata mimi kumtafuta kichwani. Wiki ile walipita watu wengi. Je, hakuwepo mzee mmoja wa kitambaa cheupe, amesimama mbali, anatazama ile nyumba bila kusogea? Nilikaribia kumwona kabisa.

"Nilimwona," nikasema.

Mkurugenzi alifurahi kuliko sisi. Chanzo kimepatikana, akasema, na tena ndani ya familia ya mwenyeji mwenyewe. Akaandika ukurasa mzima, akapiga mhuri, akampa binti ufunguo wa Namba Tisa. Kwangu alisema nitakaa getini kuchana tiketi hadi mwisho wa mwezi, halafu wataniangalia. Nikasema asante. Siku hizi ukifukuzwa kwa adabu unashukuru.

Nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Havikuwa vingi, kikombe, kandambili na mto wa kukalia. Sikutaka kuitazama nyumba, nikawa natazama kikombe. Nilikuwa na hasira na mkurugenzi, na wifi yangu, na fundi na vijana wake, na zaidi na mimi mwenyewe, na katikati ya hasira ile nilikuwa na kitu kingine kilichofanana na furaha, nikashindwa kukielewa. Sikujua nimempa yule mtoto kitu au nimemwibia.

Akanifuata mpaka kwenye benchi la nje.

"Mama, samahani. Alikuwaje siku ile?"

"Nani?"

"Bibi."

Nikaketi. Nilitaka kumwambia yote pale pale, mgeni mrefu, uvimbe, mbao za Namba Kumi. Badala yake nikasikia mdomo wangu, mdomo ule ule, ukianza kazi.

"Alikuwa mchangamfu," nikasema. "Alicheka sana."

Uso wake ukatulia, nami nikajua nimekosea.

"Bibi hakuwa mtu wa kucheka," akasema. "Mimi nimelelewa naye. Sikuwahi kumsikia akicheka hata siku moja."

Nyuma yetu wageni walikuwa wanaelekezana njia ya kwenda Namba Kumi. Nikaona hapa ndipo njia yangu ilipoishia. Lakini binti alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijatazamwa na mgeni yeyote katika miaka kumi na moja, anaomba, hata kope hazipepesi.

"Hapa alicheka," nikasema. "Siku ile."

 Akaketi karibu yangu, bega kwa bega, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Alicheka vipi?" akauliza. "Mama, tafadhali. Nichekee alivyocheka."

 Nikatazama mbele, nikacheka.